Ukoko wa Mfalme Sangwe

"Shoga, hivi marehemu mumeo, kule kwenye mchezo, alikuwa na wake wangapi?"

Bi Kidawa alilirusha swali hilo juu ya ua wa michongoma huku akikamua kanga, uso kaugeuzia kamba, kama mtu anayeulizia bei ya nazi. Bi Siwema alikuwa upande wa pili, ameinama, anaanika makopa juu ya jamvi. Juma lile ndipo alipotoka eda. Kipande cha muhogo kilibaki mkononi mwake, hakikwenda kwenye jamvi wala hakikurudi kwenye ungo.

"Mmoja," akasema. "Duniani sikuwa na mwenza, nitampata kwenye mchezo?"

"Ndivyo nilivyokuwa nikijua na mimi. Nauza karafuu mle ngomeni tangu lango lilipofunguliwa, sijamwona Mfalme na mwanamke ila Malkia. Lakini sasa watu wanasema anavuka mto. Ng'ambo kuna mfinyanzi. Tena wanasema anampelekea ukoko."

Siwema akakilaza kile kipande taratibu, upande mweupe ukitazama jua. "Ukoko gani?"

"Wa wali wa nazi, mwenzangu. Kuna ukoko mwingine anaopelekewa mtu?"

Mumewe, Mzee Salehe Semhando, alikuwa msimuliaji. Nyumba ya Visa ilipojengwa pale Muheza, nyuma ya soko la machungwa, watu wake walizunguka mji mzima wakitafuta sauti ya mfalme, wakaishia barazani kwake. Tangu hapo kila mchana alikwenda kukaa katika chumba cha baridi, kafungwa kilemba chepesi chenye nyuzi ndani, akisimulia maisha ya mfalme ambaye hakuwahi kuwapo. Kile kilemba hakikuchukua maneno peke yake. Kilichukua kikohozi kinachotangulia kicheko, kilichukua na namna anavyolivuta neno pale anapoficha jambo. Humo akachipuka Mfalme Sangwe, na watu wa miji mingi wakawa wanajifunga vilemba vyao, wanaingia ngomeni kwake kufanya biashara, kushitakiana na kula wali wake, na huo ndio mchezo wenyewe. Mzee Salehe alifariki kabla hajamaliza kusimulia.

Mfalme wa namna hiyo hakamiliki siku msimuliaji anaponyamaza. Hubaki mbichi kwa miezi kadhaa, na atakayoambiwa katika miezi hiyo na watu waliomjua msimuliaji humwingia, yakawa ndiyo maisha yake. Baadaye hukolea, na akishakolea haongezwi kitu. Nyumba ya Visa ilimtuma mtu kwa Bi Siwema, aende akamwambie Mfalme anayoyajua. Akajibu kwamba yuko eda. Wakasema watamletea kilemba nyumbani.

"Nikae eda ya mume huku naongea na mume?" aliwauliza. "Hiyo itakuwa eda ya nani?"

Akafunga mlango, akarudi kwenye msala wake. Aliona amefanya lililo sawa, na hata sasa, mbele ya makopa yake, aliona hivyo hivyo. Ila siku ile hakufikiria kuwauliza wangemwita nani mwingine.

*

Kesho yake, baada ya adhuhuri, alikwenda. Kilemba alikifunga juu ya ushungi. Msimamizi wa Nyumba, Bwana Shemboza, akamwambia hakitashika namna hiyo. Siwema akamwambia kijitahidi. Kikashika.

Alipofumbua macho alikuwa jikoni mwa ngome, ndani ya umbo la Malkia, ambaye Salehe alimtunga kwa mfano wake. Palikuwa na mafiga, sufuria la wali, na moshi usiowasha macho, na huo moshi ndio uliomkumbusha kwamba hayupo duniani. Mfalme Sangwe alikuwa amechuchumaa kando ya moto. Alikuwa mrefu kuliko Salehe, na alikuwa na ndevu ambazo Salehe hakujaliwa. Lakini alipokohoa kidogo kabla ya kucheka, Siwema alishika ukuta.

"Malkia wangu, umekawia," Mfalme akasema. "Nimekuwekea."

Akakwangua chini ya sufuria kwa upawa, akaukunja ukoko ndani ya jani la mgomba, akampa kwa mikono miwili.

Ndivyo alivyokuwa akifanya Salehe miaka yao yote. Kabla hajatia tonge mdomoni aliukwangua ukoko, akamsogezea mkewe, hata mbele ya wageni, na wageni wakacheka, na yeye akawaacha wacheke. Hakuwa mtu wa kumwambia mkewe maneno matamu. Maneno yake yote matamu yalikuwa ndani ya ule ukoko.

Siwema alitafuna. Haukuwa na ladha, ila ulilia menoni kama wa kweli. Alingoja hadi alipomeza.

"Msimu wa mavuno," akasema, "huwa uko wapi?"

"Huwa nipo," Mfalme akaanza. Akasita. "Huwa nina..." Akasita tena. Alikuwa kama mtu aliyesimama mlangoni, anaitwa na watu wawili, mmoja ndani na mmoja nje. Mkono wenye upawa ukasimama hewani. Mvuke juu ya sufuria nao ukasimama.

Siwema akakivua kilemba. "Nimemfanya nini?"

"Ameganda," Shemboza akasema. "Usijilaumu, mama. Kila anayemuuliza mavuno anamgandisha. Alfajiri tunamwamsha, mchana anaganda tena." Akavuta kiti, akakaa, akasema kwa sauti ya chini, maana walikuwapo watu wengine wenye vilemba mle ukumbini. "Aliumbwa asiweze kusema uongo. Anasema yale tu anayoyajua kuwa ni maisha yake. Sasa ana maisha mawili, yote yana uzito mmoja. Kuna ya ngomeni, hajapata kuuvuka mto. Kuna ya mtoni, kila mavuno anauvuka. Hawezi kuchagua, ananyamaza. Lazima tufunge kisa kimoja."

"Na mkimwacha kama alivyo?"

"Wakubwa watamwondoa. Watamkalisha mfalme mwingine, mwenye sauti ya mtu wa kwingine." Akamtazama usoni. "Wewe ndiye mrithi wa sauti. Watu watajadili barazani Ijumaa, hiyo ni haki yao. Ila neno la kufunga ni lako."

"Nani alimweka mwanamke ng'ambo ya mto?"

Shemboza aliviangalia viatu vyake. "Bi Mashavu. Ndiye aliyekuwa akikaa na mzee kila mchana, anamwuliza maswali, anaviunga visa. Wewe ulipokuwa ndani, tulimwita yeye."

Siwema akaaga. Njiani, karibu na mashine ya kukoboa, ndipo lilipomfika. Mke alikuwa ndani, hapaki hata wanja, anamwombea mumewe. Mtu baki hana eda ya kukaa. Mtu baki aliamka, akanawa uso, akaenda.

*

Ijumaa, baada ya sala, ua wa Nyumba ya Visa ulijaa. Wangome, walioshikilia kisa cha ngomeni, walikaa upande wa kivuli, na Wamto, walioshikilia cha mtoni, wakakaa upande wa bomba la maji, na haikuwa siri nani ni wa wapi. Msemaji wa Wamto alikuwa Mwinshehe, fundi pikipiki, ambaye mle mchezoni alikuwa mlinzi wa lango la magharibi.

"Mfalme ana mto mlangoni, asiuvuke?" alianza. "Huyo ni mfalme au bata wa kufugwa?"

"Bata anavuka," Bi Kidawa akamjibu kutoka kivulini. "Kuku ndiye havuki. Mifugo huijui, utawajua wafalme?"

Watu wakacheka, hata Wamto. Mwinshehe akangoja kicheko kipite.

"Basi nijibuni hili. Makubazi ya Mfalme yako pale kizingitini, kila mmoja wetu ameyaona. Yana tope jekundu. Ngomeni kote ni mchanga mweupe. Tope hilo lilitoka wapi?"

"Lilitiwa," Kidawa akasema. "Lilitiwa juzi, na walioutia huo mto."

"Mimi nalinda lango tangu siku ya kwanza. Tope nimelikuta. Mzee Salehe alikuwa hai, anatoka mle chumbani na kunisalimu."

Siwema alikuwa kakaa mbele, mikono mapajani. Alilisikia hilo neno, tangu siku ya kwanza, na likabaki naye.

"Na kiapo je?" akauliza mzee mmoja wa Wangome. "Alipozingirwa na watu wa kaskazini alisimama mbele ya lango, akaapa kwamba nyayo zake hazitalowa maadamu Malkia yu hai. Nusu ya waliomo humu walikuwapo. Mfalme asiyeweza kusema uongo aliapa. Mnataka nini zaidi?"

"Nataka uniambie, mzee wangu, mtu anaapa kuacha jambo ambalo halifanyi?" Mwinshehe alikunja mikono. "Wewe umeshaapa kuacha sigara?"

"Sivuti."

"Ndiyo maana hujaapa."

Hapo ua mzima ukavurugika, kila mtu anasema na jirani yake. Mwanamke mmoja akapaza sauti akauliza huyo mfinyanzi ni nani wa Mfalme, mke au hawara.

"Hilo Mfalme hajatuambia," Mwinshehe akasema, safari hii bila mzaha. "Anafika, anakaa mkekani, wanaongea, anacheka, anarudi. Basi."

Anacheka, Siwema akasema moyoni. Nyumbani, miaka ya mwisho, Salehe alikuwa akirudi jioni amechoka, anakula, anasikiliza redio, analala. Kicheko alikuwa amekwisha kukitumia mchana.

Alikwisha mtafuta Bi Mashavu kwa macho tangu alipoingia. Alikuwa amejiandaa kumwona mwanamke mzuri, maana mwanamke mzuri angejua la kumfanya. Aliyeonyeshwa pale nyuma, karibu na mlango, alikuwa mtu wa rika lake, kavaa miwani iliyofungwa uzi sikioni, viganja vipana, visigino vimepasuka. Hapakuwa na kitu cha kulaumu. Mwanamume haendi kwa mtu kama huyu kwa sababu ya macho. Anakwenda kwa ajili ya maneno. Wivu ukamchoma Siwema mahali ambapo hakujua pana ngozi.

Kelele zilipopungua, Bi Mashavu akasema kutoka kule kule nyuma: "Bi Siwema, usifunge kabla hujavuka. Hilo tu naomba."

Siwema akainuka, akaomba vilemba viwili.

*

Walivuka pamoja. Mle ndani Mashavu hakuwa na sura yoyote. Alikuwa sauti tu begani mwa Siwema, ikimwambia pa kukanyaga. Ng'ambo palikuwa na banda la makuti, tanuri, na udongo mwekundu umelundikwa. Mfinyanzi alikuwa mwanamke wa makamo asiyesema sana. Uso ulikuwa wa kubuni, lakini viganja vilikuwa vile vile vipana. Siwema alijificha nyuma ya mitungi mikubwa, akajiona mjinga, mtu mzima anamvizia mume aliyekwisha zikwa. Akabaki.

Mfalme alitoka majini, akakung'uta msuli, akakaa mkekani kama anayepajua. Akakohoa kidogo, akacheka.

"Kimekauka?" akauliza.

Mfinyanzi akatoa kitungi kidogo kutoka chini ya kitambaa. Mfalme akakipokea kwa vidole, akakizungusha.

"Kimezidi cha mwaka jana," mfinyanzi akasema.

"Lazima kizidi. Mwaka jana angekuwa wa kuchezea tu. Mwaka huu angekuwa wa kuteka maji mwenyewe. Tunu angekwenda kisimani na wenzake, angerudi nusu imemwagika, na angesema kisima kilikuwa kitupu."

Siwema alikaa chini.

Mtoto wao alizaliwa msimu wa mvua na akafariki kabla ya siku ya saba, kabla ya akika, kabla jina halijatangazwa. Jina walikuwa wamelichagua wawili wao usiku wa kwanza, kwa kunong'ona, na hawakumwambia mtu. Mama yake Siwema hakulijua. Kaburi halikuandikwa kitu. Hawakujaliwa mwingine, na kwa hiyo yeye akabaki Bi Siwema kwa kila mtu, sokoni, msikitini, kwa majirani ambao wenyewe walikuwa Mama fulani na Mama fulani. Jina la Tunu lilikuwa katika vifua viwili tu. Basi ni Salehe mwenyewe aliyelitoa. Hakuna mtu ambaye angeweza kulibuni.

"Mama yake anajua kama unakuja huku?" mfinyanzi akauliza.

"Mama Tunu hapendi nimtaje mtoto," Mfalme akasema. "Nikianza tu, hukaza uso, huchukua ungo, huanza kuchambua mchele ambao ameshauchambua. Namhurumia. Basi namleta Tunu huku, ili kule apumzike."

Mama Tunu. Siwema alilisikia likitamkwa kwa sauti ile, polepole, kama jina ambalo limekuwapo siku zote na watu wakaliita. Katika maisha yake yote hakuna aliyepata kumwita hivyo. Mdomo wake ukafunguka wenyewe, uitike.

Lakini Mfalme alikuwa akiinuka. Akatia mkono kwenye mkunjo wa msuli, akatoa jani la mgomba, akalifungua, akamsogezea mfinyanzi kwa mikono miwili.

"Nimekuwekea," akasema.

*

Walikaa nje penye bomba. Siwema alifungua maji, akaanza kutia udhu, maana al-asiri ilikuwa imekaribia. Mashavu alisimama pembeni, kilemba kakishika mkononi.

"Hakunigusa hata ukucha," Mashavu akasema. "Naapa kwa Mungu aliyetuumba sote wawili."

"Bora angekugusa." Siwema alisukutua, akatema. "La kugusa lina toba. Jina la mwanangu ulilichukuaje?"

"Sikulichukua, dada. Alilitua. Nilimwuliza siku moja kwa nini Mfalme ana huzuni wakati wa mavuno, akalitua. Tangu hapo akawa analirudia. Mimi nilisikiliza tu."

"Na mimi ningesikiliza."

Siwema akaosha mkono wa kulia, akaosha wa kushoto, na akajua kwamba amesema uongo ndani ya udhu wake. Ule mchele aliuchambua kweli. Aliuchambua kila mara.

"Na ukoko?" akauliza. "Ukoko nao aliutua?"

Hapo Mashavu akainua uso. "Huo niliutia mimi. Ng'ambo yote ni yake, mpaka lile tope la makubazi. Mimi nilimpa tu alichokwisha kunisimulia, ili kisipotee naye. Ukoko ni wangu. Alikuwa akisimulia unavyougombania ukoko sufuriani na anavyokuwekea, anacheka mpaka anafuta machozi. Mimi sijapata kuwekewa kitu na mtu, Bi Siwema. Nikajiwekea. Na sijutii."

"Uutoe."

"Hautoki. Ameshakolea. Kisa ni kama marando ya viazi, ukivuta hapa kinang'oka kule. Ukivuta ukoko unakuja mto mzima, na Tunu ndani yake."

"Basi Tunu ahamie ngomeni. Ni kwao."

"Angehamia, Mfalme alipokuwa mbichi. Ilitakiwa uje wewe umwambie."

"Nilikuwa eda."

"Najua," Mashavu akasema, kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko tusi.

Siwema alisali al-asiri katika chumba cha wanawake, peke yake. Baada ya salamu hakuinuka. Shehe wa mtaa alikwisha waambia, mchezo ulipoanza, kwamba sauti si roho, na anayezungumza na kilemba anazungumza na kilemba. Aliliamini hilo. Kama ni hivyo, Tunu yuko kwa Mola wake, hahitaji kitungi wala mfalme wa kumkumbuka, na mto ukifungwa hakipotei kitu. Lakini kama ni hivyo, basi hata ule ukoko si kitu, ni picha ya jani inayokwenda kwenye picha ya mkono, na yeye hana cha kumwonea mtu wivu. Aliligeuza hili huku na huku. Kila lilipomwelekea Tunu alisema ni picha tu. Lilipouelekea ukoko, halikuwa picha.

Akajaribu jambo jingine. Alifumba macho akakiita kile kitungi, akakiona, akaona na kidole cha mtoto kwenye mdomo wa kitungi. Akajiambia, sema mto, uache wacheke, uitwe Mama Tunu na mfalme wa uongo mpaka ufe. Alikuwa karibu kusema. Halafu likapita lile jani, mikono miwili, viganja vipana vikilipokea. Alifumba macho tena, na jani likapita tena, juu ya kitungi, kila mara juu yake.

Akakunja msala.

*

Uani watu walikuwa wanangoja. Shemboza alikuwa amewasha ukuta wa mwanga ili wasio na vilemba nao waone. Akamkabidhi Siwema kilemba, akamwuliza mbele ya wote: "Mrithi wa sauti, tufunge kipi?"

"Fungeni mto," Siwema akasema.

Wangome wakapiga makofi. Mwinshehe akavua kofia, akaitazama ndani kama mtu aliyepoteza kitu humo. Shemboza akainama kwenye meza yake, akagusa hapa na pale, akasubiri, akagusa tena. Halikusikika lolote. Lakini ukutani, pale kizingitini mwa ngome, tope jekundu lilififia kwenye makubazi, yakabaki safi kama yametoka dukani. Mbele ya lango la magharibi palikuwa na uwanja mtupu wa mchanga.

Mfalme Sangwe, ambaye alasiri ile alikuwa ameganda tena, akaamka.

"Muulizeni," mtu akasema.

Kidawa ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya harusi: "Mfalme, mavuno huwa uko wapi?"

"Nipo hapa hapa," Mfalme akajibu bila kusita, "na Malkia wangu."

Kidawa akapiga vigelegele, wanawake wa kivulini wakamfuata. Siwema alijifunga kilemba, akaingia jikoni mwa ngome. Mfalme alikuwa amechuchumaa kando ya moto. Akakohoa kidogo, akacheka. Akakwangua chini ya sufuria, akakunja jani, akamsogezea kwa mikono miwili, na safari hii hapakuwa na mtu mwingine popote katika ufalme ule ambaye angepewa.

Siwema aliupokea. Alijua kwamba watu wanaona ukutani, na kwamba nyuma yao, karibu na mlango, Mashavu anaona. Alikuwa amepanga kuula taratibu. Badala yake akasikia sauti yake mwenyewe.

"Na Tunu?"

Mfalme akamtazama. Alikuwa na tabasamu lile la Salehe la kuwapokea watu asiowajua.

"Tunu ni nani, Malkia wangu? Kama ni mgeni wako, mwite ndani. Wali upo."

"Ni mtoto."

"Mtoto wa nani?"

Vigelegele vilikatika kimoja kimoja. Siwema akakivua kilemba. Mikono yake ilikuwa bado imekingwa mbele, viganja juu, na ndani yake hamkuwa na kitu. Watu walikuwa wanamtazama, wengine hawakuelewa, na Kidawa alikuwa ameanza kuelewa, kanga kaishika mdomoni.

Bi Mashavu alikikunja kilemba chake, akakilaza juu ya benchi. Akapita kando ya Siwema, karibu kiasi cha nguo zao kugusana. Akainama mlangoni, akavaa makubazi yake yenye tope jekundu la barabarani, akatoka.